Sauti za Upasuaji Ambao Haukuwapo

Saa moja na nusu asubuhi, vyombo arobaini na viwili vya chuma vinaingia kwenye beseni la maji ya moto, na hakisikiki chochote.

Mwanamke anayeviosha amevaa glavu nene za mpira hadi kwenye viwiko. Anachukua mkasi, koleo, kijiko cha kukwangulia mfupa, kimoja kimoja, anakizamisha kwa ncha na kukilaza chini ya maji juu ya kitambaa kilichokunjwa mara mbili. Chuma hakigusi chuma. Mtu anaweka kikombe mezani katika chumba cha jirani, na kikombe hicho ndicho kinachosikika.

"Wenzangu wananiambia niwe nakohoa," anasema bila kugeuka. "Wanaingia hapa wanadhani hakuna mtu. Juzi fundi umeme alizima taa akafunga mlango, na mimi nimo ndani."

Wenzake hao hao humwita Mama Kelele. Mgeni hudhani ni utani wa kinyume, kama mtu mnene kuitwa Sindano. Lakini kwa mwaka mmoja na nusu, kelele ndiyo iliyokuwa kazi yake, na aliifanya vizuri kuliko mtu yeyote katika hospitali hii.

Ana miaka arobaini na tisa. Ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumia katika idara ya upasuaji. Aliingia kama mfagiaji, akafundishwa kuosha vyombo, kisha kuvipanga kwenye trei, kisha kusimama karibu na meza na kumpa muuguzi kinachohitajika kabla hakijaombwa. Hakusomea. "Nimejifunza kwa macho," anasema. "Na kwa kunyamaza. Ukiongea hovyo kule ndani wanakutoa."

Alichaguliwa kwa utafiti wa magoti kwa sababu hiyo ya kunyamaza.

Katika hospitali hii watu wenye magoti yaliyochakaa walikuwa wakitobolewa matundu matatu madogo. Goti linaoshwa kwa ndani, linakwanguliwa, linashonwa, mtu anarudi nyumbani jioni. Wengi walisema wamepata nafuu. Daktari mkuu wa mifupa, mtu mrefu mwenye tabia ya kujibu swali kwa swali, alitaka kujua nafuu hiyo inatoka kwenye kuosha au inatoka mahali pengine.

Wagonjwa mia moja na ishirini wakaelezwa, wakakubali, wakatia saini. Nusu yao wangeoshwa goti. Nusu nyingine wangechanjwa ngozi tu mahali patatu na kushonwa, na hakuna ambaye angejua yuko upande gani hadi utafiti uishe. Kamati ya maadili ilikaa vikao vitano kabla ya kutoa ruhusa.

Bahasha ilifunguliwa mgonjwa akiwa tayari mezani, ameshadungwa ganzi ya mgongo, pazia la kijani limeshaning'inizwa juu ya kifua chake. Ndani mlikuwa na kadi. Moja, osha. Mbili, usioshe.

"Tatizo lilikuwa masikio," anasema Mama Kelele. "Ganzi inalaza miguu. Masikio hayalali."

Kwa hiyo kila ilipotoka kadi ya Mbili, watu wanne walisimama kuzunguka goti ambalo halikuwa likioshwa, na kwa dakika ishirini na nane wakafanya upasuaji kwa sauti. Daktari aliomba vyombo vile vile kwa maneno yale yale. Muuguzi alivitaja kwa majina. Mguu uliinuliwa na kukunjwa ili mgonjwa ahisi kuvutwa. Mengine yote, maji, chuma, mashine ya kufyonza, yalikuwa mikononi mwa Mama Kelele.

Ukimwomba aeleze ilivyokuwa, haelezi. Anafunga mlango, anamweka mgeni kwenye kiti kinachotazama ukuta, kisha ananing'iniza shuka nyuma yake kwenye kamba ya kuanikia glavu.

"Usigeuke. Ukigeuka utaona mwanamke na beseni."

Kwanza hakuna kitu. Kisha trei inatelezeshwa kidogo juu ya meza, mtelezo mfupi, kama mtu anayejiweka sawa. Koleo linabana na kuachia. Linabana tena. Maji yanaanza kumwagika ndooni, kwanza kutoka juu, baadaye kutoka karibu, na katikati ya maji hayo inaingia sauti ndogo ya kukwangua, kavu, inayokatika ghafla kana kwamba imefika mahali pagumu. Kimya. Mtu anavuta pumzi akiwa ameinama. Kukwangua kunaanza tena, polepole zaidi.

Ni dakika tano tu. Goti la mgeni, ambalo halijawahi kuuma, linaingia ubaridi.

"Hiyo ya kukwangua ni kijiko na kigae," anasema, akiondoa shuka. "Nilijaribu ubao, ikasikika kama ubao. Nikajaribu kigae kilichobanduka chooni. Daktari alikuwa anaandika, akainua kichwa akasema, 'Hicho hicho.'"

Siku ya kwanza alitetemeka. Daktari alisema lete maji, yeye akamimina, na goti liko pale limefunikwa, zima. Nyuma ya pazia mgonjwa akauliza, "Daktari, ni baya sana?" Daktari akamjibu, "Tulia, tunaendelea."

"Na kweli tulikuwa tunaendelea," anasema. "Sasa ukiniuliza tulikuwa tunaendelea na nini, sijui."

Baada ya miezi mitatu hakutetemeka tena, na hilo ndilo lililomtia hofu. Mikono yake ilikuwa imeacha kutofautisha kadi ya Moja na kadi ya Mbili. Siku moja, baada ya upasuaji wa kadi ya Mbili, mgonjwa akiwa ameshatolewa na chumba kikiwa kitupu, alijikuta amepiga magoti kando ya ndoo, akichungulia maji.

"Nilikuwa natafuta vipande," anasema. "Maji meupe kabisa. Na mimi natafuta."

Halafu kulikuwa na tarishi. Alikuwa mzee mstaafu aliyekuja kupimwa mwendo baada ya miezi mitatu, ameketi kwenye benchi la korido, suruali ameikunja hadi juu ya goti ili wenzake waone. Mama Kelele alikuwa akipita na kitoroli cha shuka. Uso wa mzee huyo hakuwahi kuuona. Mguu aliutambua, kwa kovu la moto kwenye muundi. Kadi ya Mbili.

"Mimi nilisikia kabisa kipande kikitoka," tarishi alikuwa akisema. "Kilitoka kama kizibo. Daktari akakitupa kwenye sahani, kikalia tii. Nikajua basi, nimepona."

Watu wa benchi wakaitikia kwa vichwa. Mmoja alisema hata yeye alisikia tii kama hiyo.

"Mimi sauti zangu zote nazijua," anasema Mama Kelele. "Naweza kukuhesabia. Hiyo ya tii sikuipiga. Siku ile nilirudi nyumbani kwa miguu, nakumbuka kila chombo nilichoshika. Hakuna kilicholia tii."

Tarishi alitembea hadi mwisho wa korido na kurudi bila fimbo, ili mpimaji aandike.

Nyumbani kwake Mama Kelele kuna vyumba viwili na baraza iliyogeuzwa kuwa kiwanda cha cherehani. Fundi ni wifi yake, dada mkubwa wa marehemu mumewe, mwanamke wa miaka hamsini na sita anayeanza kukujibu kabla hujamaliza kupiga hodi. Yeye ndiye aliyesema habari hii iandikwe. "Andikeni tu," alisema. "Ila msiseme mimi ni mnene. Semeni nimejaa."

Mume alifariki miaka minne iliyopita. Kisukari. Kiatu kilimchubua kisigino, mchubuko ukawa kidonda, kidonda kikagoma kufunga, na katika miezi saba kikammaliza. Viatu vyake bado viko chini ya kitanda. Cha kulia kimekatwa nyuma kwa mkasi wa wifi, ili mguu wenye bandeji uingie.

Baada ya mazishi watu walidhani wawili hawa wataachana. "Niende wapi?" anauliza wifi. "Huyu tulimwoa ukoo mzima, hakuolewa na mdogo wangu peke yake. Na mimi nikiondoka, nani atamsemea? Yeye hata kwa muuza mkaa ananong'ona."

Ana cherehani mbili, zote za kukanyaga. Msimu wa shule unapokaribia alikuwa akishona sare nne kwa siku. Goti la kulia lilipochakaa alishuka hadi sare nne kwa wiki, na wateja wakaanza kupita mbele ya baraza wakiangalia upande mwingine. Mshahara wa mhudumu wa hospitali hauwezi kubeba nyumba peke yake. Kodi ya nyumba ilikuwa ikitoka kwenye cherehani.

Wifi alisikia habari za utafiti kwenye foleni ya kupima sukari. Akajiandikisha, akapimwa, akakubaliwa, akatia saini. Nyumbani hakusema. "Ningemwambia angenuna, na huyu akinuna nyumba inakuwa kaburi. Asubuhi ile nikamwambia naenda kununua uzi."

Mama Kelele naye hakuwahi kusema nyumbani kazi yake katika utafiti ni ipi. Alikuwa ameapa. Hivyo wanawake wawili wanaolala vyumba vinavyogusana ukuta walitoka asubuhi moja, mmoja dakika arobaini baada ya mwenzake, wakaelekea chumba kimoja.

Katika chumba kile wagonjwa waliitwa kwa namba. Wahudumu waliingia pazia likiwa limeshafungwa. Na ukutani palikuwa na kanuni iliyoandikwa kwa herufi kubwa: ukimtambua mgonjwa, toka nje, mwambie msimamizi.

Namba ilikuwa sabini na moja. Kadi ilikuwa Mbili.

Dakika ya kumi na mbili, Mama Kelele akiwa ameinua bakuli la maji, mtu alikohoa nyuma ya pazia. Mara mbili fupi, mara moja ndefu.

"Mume wangu alikuwa akikohoa hivyo kila anapotaka kusema neno la kuchekesha," anasema. Glavu amezivua sasa, amezilaza mapajani. "Watu wa ukoo wao wote wanakohoa hivyo, lakini wakati ule sikufikiria ukoo. Nilimsikia marehemu. Sisemi nilidhani. Nilimsikia, amelala pale, upande wa pili wa kitambaa, anataka kusema kitu."

Kisha sauti ikaja, ya kike. "Jamani nyie wa huko chini, mnaniosha goti au mnaosha vyombo vya harusi?"

Muuguzi aliuma midomo asicheke. Daktari akasema, "Tulia mama, tunaendelea."

Kanuni ilikuwa wazi. Alipaswa kuweka bakuli chini na kutoka. Lakini bakuli likiwekwa chini, maji yanakatika katikati ya upasuaji, mlango unafunguka, na kimya kinaingia. Mtu aliyelala akiwa na masikio mawili mazima angejua.

"Nikamimina," anasema.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na sita. "Nilifanya vizuri kuliko siku zote. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nilitia bidii."

Jioni alimkuta wifi kitandani, goti limefungwa bandeji, uso umechangamka kama mtu aliyetoka safari.

"Kaa nikupe habari," wifi alimwambia. "Nimeoshwa."

"Umeoshwa nini?"

"Goti! Leo, hapo hapo kwenu. Hukuniona?"

"Nilikuwa na kazi."

"Kazi ya kusukuma kitoroli. Ungekuja usikie watu wanavyofanya kazi. Kuna mmoja pale, sijui mwanamume sijui mwanamke, ana mkono huyo! Kila akishika kitu nasikia goti linafunguka."

Mama Kelele alikwenda kuosha sufuria. Aliziosha juu ya taulo. Tangu siku hiyo hajaacha. Kijiko hakigusi sahani, kifuniko kinashushwa kwa vidole vitatu, ndoo inajazwa kwa kutelezesha maji kwenye ukingo. Aliogopa wifi angeitambua mikono yake kwa masikio. Uoga ule ukawa mazoea, na mazoea yakamfuata hadi kazini.

Baada ya wiki sita cherehani ilianza kusikika. Mwanzoni kidogo kidogo, kama mtu anayepima kina cha mto kwa mguu. Kufika msimu wa shule zilikuwa sare tatu kwa siku, kisha nne. Mama Kelele alikuwa akilala upande wa pili wa ukuta akisikiliza mguu wa kulia ukikanyaga, na hakujua afurahi au aombe radhi, na kama ni kuomba radhi, amwombe nani.

Ingeweza kuishia hapo. Mwezi wa kumi na moja baada ya upasuaji, goti la kushoto likaanza kuuma.

Wifi hakusubiri. Alipata kliniki ya kulipia iliyokuwa ikiosha magoti bila utafiti wala bahasha, akapewa tarehe, Jumatatu ya tatu kutoka siku ile. Moja kati ya cherehani zake mbili ilikuwa imeshapata mnunuzi. Sukari yake wakati huo ilikuwa imepanda, na yeye mwenyewe alijua, kwa sababu kadi ya kliniki alianza kuificha chini ya vitambaa.

"Usiende," Mama Kelele alimwambia.

"Kwa nini?"

"Sukari yako iko juu. Kidonda hakitafunga."

"La kulia halikufunga? Si hili hapa. We unanionea wivu, mimi natembea, we unanyata kama mwizi wa kuku."

Siku zile, Mama Kelele anasema, alikuwa akiingia chumbani na kuvitazama vile viatu vilivyo chini ya kitanda. Kliniki ile ingetoboa kweli. Kisu kingeingia kwenye mwili ambao huenda usingefunga, kwa sababu goti jingine lilipona kwa kisu ambacho hakikupita ngozi. Na mtu mmoja tu katika nyumba ile alijua.

Kumwambia wifi ilikuwa kuvunja kiapo. Bado kulikuwa na wagonjwa ambao mwaka wao wa kufuatiliwa haujaisha, na wifi siri haimkai mdomoni hata dakika moja. Kunyamaza ilikuwa kungoja Jumatatu.

Zilipobaki siku tisa alimfuata daktari mkuu ofisini. Wote wawili wanayakumbuka mazungumzo yale kwa namna moja.

"Namba sabini na moja namfahamu," alisema akiwa amesimama.

"Tangu lini?"

"Tangu dakika ya kumi na mbili."

Daktari alikaa. "Kanuni umeisoma?"

"Nimeibandika mimi ukutani."

"Sasa kwa nini hukutoka?"

"Ningetoka, daktari, maji ungemimina wewe?"

Daktari anakiri kwamba ni mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi kukosa swali la kujibia.

Aliandika taarifa. Kamati ikakaa siku ya tatu. Mama Kelele aliondolewa katika chumba cha upasuaji na kupelekwa kwenye chumba hiki cha kuoshea vyombo. Posho ya utafiti, iliyokuwa robo ya mshahara wake, ikakatwa. Kosa lake limechapishwa katika ripoti ya utafiti, mstari mmoja, ukurasa wa tisa: mhudumu mmoja alimtambua mshiriki mmoja na hakutoa taarifa kwa miezi kumi na moja.

"Nimeandikwa kwenye kitabu," anasema. "Jina hamna. Lakini ni mimi yule."

Kwa wifi, kanuni zenyewe ziliruhusu: mgonjwa anayetaka kuamua tiba nyingine anaweza kufunguliwa bahasha mapema, mradi aahidi kukaa kimya. Aliitwa Alhamisi. Kadi iliwekwa mbele yake. Akaambiwa pia nani alikuwa akimimina maji.

"Niliingia ofisini natembea," anasema wifi, "nikatoka nachechemea. Karatasi tu hiyo! Haina hata uzito. Goti likauma papo hapo, pale pale pa zamani."

Siku tatu cherehani haikusikika. Mama Kelele alikaa kizingitini mwa chumba cha wifi.

"Nigombeze basi," alimwambia.

"Sina nafasi. Nasikiliza goti."

"Linasemaje?"

"Linasema lilidanganywa. Linataka kujua kama na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Basi limesikia."

Siku ya nne mzazi mmoja alikuja barazani kupiga makelele kuhusu sare ya mwanawe. Wifi alimjibu, akajibiwa, akakaa kwenye cherehani kwa hasira na kuanza kukanyaga huku akiendelea kugomba. Mzazi alipoondoka, sare mbili zilikuwa zimekwisha.

"Ndipo nikakumbuka," anasema. "Hee, goti! Nikaligusa. Kimya. Lilikuwa limesahau, kama mimi."

Miadi ya kliniki ya kulipia aliifuta, cherehani haikuuzwa. Na ahadi ya kukaa kimya aliitimiza kwa miezi saba, jambo ambalo Mama Kelele anasema linamshangaza kuliko utafiti wote.

Matokeo yalisomwa mwezi uliopita katika ukumbi wa hospitali. Walioweza kufuatiliwa hadi mwisho walikuwa mia moja na kumi na watano. Kati ya hamsini na wanane waliooshwa, thelathini na watatu walisema maumivu yamepungua. Kati ya hamsini na saba ambao hawakuoshwa, thelathini na wawili. Hospitali imeacha kuosha magoti yaliyochakaa. Wagonjwa wanaelekezwa kwenye chumba cha mazoezi, na huko wifi anakwenda mara mbili kwa wiki, akilalamika njia nzima. Sukari yake imeshuka.

Kila mshiriki alipewa barua yake. Tarishi alipopewa ya kwake aliirudisha bila kuifungua. "Mwambieni daktari akae nayo," alisema. "Mimi nilisikia."

Sasa ni Alhamisi, saa kumi na moja jioni, barazani kwa wifi. Vipande vya sare vimejaa hadi kwenye kiti cha mgeni. Goti la kushoto bado linauma, mazoezi au bila mazoezi, na mwenye goti ana shauri lake.

"Mwambie huyu," wifi anamwambia mgeni, akimnyooshea mkasi Mama Kelele. "Mwambie anifanyie na la kushoto."

"Tulishaongea," anasema Mama Kelele.

"Uliongea wewe. Mimi nilikuwa nashona."

"Wifi, sasa unajua. Kwa mtu anayejua haiwezi kufanya kazi."

"Anayejua ni mimi. Goti halijui kusoma."

Mama Kelele anatazama mikono yake. Alikwenda kumuuliza daktari, anasema, akitegemea atamkataza. Daktari alimjibu kwa kawaida yake: "Nani amekwambia haiwezi?" Kisha akamwomba, kama itafanyika, amletee habari, yoyote itakayokuwa. Kisu hakuna, sindano hakuna, vifaa vyote ni beseni na kijiko. Hakuna kanuni inayovunjwa.

"Kigae ndicho sina," anasema. "Kile kilibaki hospitali. Nimemwomba fundi wa jengo la jirani anitafutie cha aina ile."

Anaulizwa anatarajia nini.

"Lisipopona, nitapumzika. Nitajua nilikuwa mwanamke na beseni, basi." Anakwangua uzi uliomnasa kwenye sketi. "Likipona..."

Jua limeshuka hadi kwenye ukingo wa baraza na limeangukia kitambaa cha kijani kilicho chini ya sindano ya cherehani. Si sare. Ni kirefu mno kwa sare, na kina pindo pana upande wa juu, la kupitishia kamba. Wifi anakisukuma mbele kwa mikono yote miwili, mguu wa kulia ukikanyaga, na hanyanyui macho.

"Jumapili, saa nne asubuhi," anasema. "Na dakika zangu zote, wifi. Usinipunje."